Kafaulu vizuri kidato cha sita, kwa nini anataka kuacha sayansi chuoni?

Kila matokeo ya semesta ya kwanza yanapotoka, mjadala ni ule ule majumbani na kwenye makundi ya WhatsApp. Mtoto aliyepata daraja la kwanza kidato cha sita, PCM au PCB (fizikia na kemia, pamoja na hisabati au biolojia), aliyepigiwa vigelegele na ukoo mzima, sasa ana sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia. Au amedisko kabisa, kaondolewa chuo. Au amepiga simu usiku kuuliza kama inawezekana kuhamia kozi nyingine, yoyote, ilimradi si hii. Wapo wanaosema shule zetu zinafundisha kukariri. Wapo wanaosema bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, limemlevya. Na wapo wanaosema sayansi ya chuo ni ya vipanga, wale wenye vichwa vikali, asiye kipanga apishe.

Maelezo hayo yote yanatafuta kasoro kwa mwanafunzi mwenyewe: kichwa chake, maandalizi yake au tabia yake. Zipo tafiti za zaidi ya miaka 40, nyingi zikiwa zimefanyika Marekani, zilizotazama swali hili hili kwa karibu, na jibu lake linakwenda kwingine: kama mwanafunzi anajiona mwenyeji au mgeni katika sayansi. Ni jibu linaloeleweka vibaya hata na vyuo vinavyojaribu kulitumia, kwa hiyo tulichukue polepole.

Kwanza maana. Tunaposema mwanafunzi "amebaki", tuna maana kwamba aliyeanza shahada ya sayansi ameendelea nayo hadi kuhitimu, bila kuacha wala kuhamia fani nyingine. Marekani, ambako mwanafunzi huweza kubadili fani kwa urahisi, ripoti ya mwaka 2012 ya baraza la washauri wa rais katika masuala ya sayansi na teknolojia ilieleza kwamba chini ya asilimia 40 ya wanaoingia chuo wakikusudia kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati ndio wanaohitimu katika fani hizo. Hapa Tanzania mambo ni tofauti kidogo. Unachaguliwa kozi kabla hujafika, na kuhama kuna mlolongo wake. Ndiyo maana wengi wetu hatuoni tatizo: kijana haondoki, anabaki kwa mwili tu. Anaingia darasani kusaini mahudhurio, anasubiri madesa (majibu na muhtasari wa wenzake) wiki ya mwisho, na GPA, wastani wa alama zake, inashuka taratibu. Kwenye takwimu yumo. Kwenye sayansi hayumo tena.

Pili, kujiona mwenyeji. Ni ule uhakika kwamba watu kama mimi wanakaa hapa, kwamba nikikosea sitaonekana nimeingia kwa bahati mbaya, na kwamba nikikosekana kuna mtu ataniulizia. Hii si sawa na kuwa na furaha, wala si kuwa na marafiki wengi. Mtu anaweza kufahamika hosteli nzima, akachaguliwa hata kiongozi wa bloku, na bado akivaa koti jeupe la maabara ajione amevaa nguo ya mtu.

Mfikirie anayeshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi kwa mara ya kwanza, akapanda daladala isiyo yake, akajikuta Kariakoo wakati anakwenda Tegeta. Anaweza kujiambia kwamba mji huu haumfai na bora arudi kwao. Mzaliwa wa Dar naye hupotea, gari hubadilisha njia, konda humdanganya, lakini yeye anashuka, anauliza, anapanda jingine. Wote wawili wamepotea. Kinachowatofautisha ni maana ambayo kila mmoja ameipa kupotea kwake, na maana hiyo ndiyo inayoamua kama atauliza njia au atakaa kimya.

Sasa tuhamie darasani. Chukua wasichana wawili, tuwaite Neema na Rehema, mwaka wa kwanza, somo la kalkulasi. Mhadhiri amerudisha karatasi za test ya kwanza. Neema amepata 11 kati ya 30. Tangu darasa la kwanza hajawahi kupata chini ya nusu. Anaikunja karatasi mara nne, anaitia kwenye pochi ya simu, anatoka kabla masahihisho hayajaanza. Rehema amepata 12. Kaka yake alisoma uhandisi, na alishamwambia tangu likizo kwamba test ya kwanza ya kalkulasi humwangusha karibu kila mtu, asiogope, aende kwenye semina za Alhamisi. Rehema anabaki kwenye kiti chake, anapiga picha masahihisho ubaoni, anamuuliza aliye mbele yake swali la tatu amelifanyaje.

Alama moja ndiyo iliyowatenganisha siku ile. Lakini Neema sasa hatakwenda semina, kwa sababu huko kuna kuulizwa maswali, na atakayekosea ataonekana. Hatakwenda ofisini kwa mhadhiri. Hatamwambia mwenzake wa chumbani. Test ya pili itamkuta hajui alikosea wapi katika ile ya kwanza, na matokeo yake yatakuwa ushahidi mpya wa lile alilokwisha kuliamini. Hivi ndivyo hisia inavyogeuka kuwa alama. Watu wengi husikia maneno "kujiona mwenyeji" wakadhani tunazungumzia kubembelezana, wakati tunazungumzia nani atakaa kuangalia masahihisho na nani atatoka nje.

Na kwa nini sayansi hasa? Kwanza, masomo yake yanajengwa juu ya yaliyotangulia. Ukipitwa na wiki mbili za kalkulasi, fizikia ya wiki ya tano huielewi. Pili, pigo linakuja mapema, mara nyingi kabla mwanafunzi hajamfahamu mtu hata mmoja darasani. Tatu, kuuliza swali kwa Kiingereza mbele ya watu mia tatu ni mtihani mwingine kwa kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anaweza kuwa ameielewa hoja vizuri kabisa, akawa anatunga sentensi kichwani mpaka mhadhiri ameshahamia slaidi nyingine.

Lipo na jingine la kwetu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Madarasa mengi ya shahada za sayansi yamejaa vijana waliotaka udaktari wa binadamu wakaukosa. Walipangiwa au wakaangukia biolojia, kemia, ualimu wa sayansi. Kijana wa namna hiyo anakaa kozini kama abiria anayesubiri gari jingine. Shangazi zake bado wanamuuliza, "Sasa udaktari ndiyo basi tena?" Hakuna aliyemweleza mtu wa biolojia ya molekuli anafanya kazi gani, wapi, na kwa nini kazi hiyo ina thamani.

Halafu kuna imani kwamba sayansi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, na imani hii hubebwa hata na wanaofundisha. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti kutoka chuo kikuu kimoja kikubwa cha Marekani, uliohusisha wahadhiri 150 wa sayansi na wanafunzi zaidi ya 15,000. Katika madarasa ya wahadhiri wanaoamini kwamba akili ni kitu kisichobadilika, pengo la alama kati ya wanafunzi weupe na wale wa makundi yenye uwakilishi mdogo lilifika hadi mara mbili ya pengo lililokuwa katika madarasa ya wahadhiri wanaoamini uwezo hukuzwa. Nakumbuka pia mwaka 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliporudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, neno "vilaza", yaani wasio na uwezo kichwani, likawa gumzo nchi nzima. Sababu za uamuzi ule zinaweza kujadiliwa na wenye taarifa zake. Kinachoniuma ni kwamba maelfu ya watoto wa kidato cha nne waliokuwa wanafikiria kusoma fizikia walilisikia neno lile, na wakajua litamwangukia nani siku mambo yakiharibika.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika suala hili hauna hata kompyuta ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kijana aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, Uri Treisman, aliona kwamba wanafunzi weusi walikuwa wanaanguka kalkulasi kwa wingi huku wenzao wenye asili ya China wakifanya vizuri. Aliwauliza wahadhiri sababu. Majibu yalikuwa yale yale tunayoyasikia kwetu: hawana ari, maandalizi yao ni dhaifu, familia hazijali elimu, ni umaskini. Treisman akaamua kwenda kuangalia. Alichukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akawafuata kwa takriban miezi 18, hadi vyumbani walikokuwa wanasomea.

Hakuyakuta aliyoambiwa. Wale wanafunzi weusi wengi walikuwa vinara wa shule walizotoka. Wazazi wao walijinyima kuwasomesha. Baadhi ya waliokuwa na alama za juu za kuingilia chuo ndio walioanguka. Walikuwa wanahudhuria, wanafanya kazi zote, wanasoma saa nane kwa wiki kama walivyoelekezwa. Ila walisoma peke yao. Katika shule walizotoka, kujitenga na kundi ndiko kulikowafikisha chuo, na waliendelea na mbinu ile ile.

Wale wenye asili ya China nao walisoma peke yao, lakini hawakuishia hapo. Kisha walikutana, mara nyingi wakati wa chakula cha jioni, wakalinganisha majibu, wakakosoana, wakaulizana maswali ya mitihani ya zamani, wakapeana hata habari za ofisi gani ya chuo inasaidia nini. Kwa jumla walifikisha saa kama 14 kwa wiki. Na kikubwa zaidi ya saa: kila mmoja alijua wenzake wamekwama wapi. Swali likiwashinda wote, walijua kwamba swali ni gumu. Mwenzao wa peke yake, swali lile lile likimshinda, alidhani tatizo ni yeye.

Mwaka 1978 Treisman na wenzake wakaanzisha warsha ya hisabati. Hapa ndipo alipofanya jambo ambalo vyuo vingi vinashindwa kuliiga. Hakuiita ya kusaidia walio dhaifu. Aliitangaza kuwa ya wanaotaka kufanya vizuri zaidi, akawawekea maswali magumu kuliko ya darasani, wakayafanya katika vikundi vidogo huku msimamizi akizunguka. Waliohudhuria wakawapita wenzao wa asili moja ambao hawakuhudhuria, na wengi zaidi wakabaki katika fani zao. Masomo ya ziada ya kawaida humwambia kijana, "Tunajua huwezi, njoo tukushike mkono." Warsha ile ilimwambia kazi hii ni ngumu na wewe ni mtu wa kuifanya.

Baadaye wanasaikolojia walijaribu kuigusa maana yenyewe, ile aliyojipa Neema alipotoka darasani. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 matokeo ya zoezi la kama saa moja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya waliowatangulia, wanaosema kwamba na wao walidhani hawastahili kuwepo pale, na kwamba hali hiyo ilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Kisha wakaandika jinsi wao wenyewe wanavyoipitia hali hiyo, maandishi ambayo yangewasaidia wageni wa mwaka unaofuata. Kwa wanafunzi weusi alama zilipanda katika miaka mitatu iliyofuata, kiasi cha kupunguza kwa nusu pengo kati yao na wenzao weupe. Mwaka 2015 zoezi la aina hiyo lilipochapishwa kutoka Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wanawake katika fani za uhandisi zilizojaa wanaume walionekana kunufaika vile vile.

Habari hizi zilipoenea, wengi walizielewa hivi: mpe mwanafunzi maneno ya kutia moyo, atafaulu. Sivyo. Mwaka 2023 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya jaribio la wanafunzi 26,911 katika vyuo 22. Zoezi lilisaidia wanafunzi kumaliza mwaka wa kwanza, ongezeko likiwa dogo, na lilisaidia hasa pale ambapo chuo chenyewe kilikuwa kimewapa watu wa kundi la mwanafunzi husika nafasi ya kweli ya kuwa wenyeji. Pale ambapo hapakuwa na nafasi hiyo, zoezi halikufua dafu. Nadhani hili ndilo tokeo muhimu kuliko yote, na ndilo viongozi wa vyuo wanalolikwepa, kwa sababu linarudisha kazi mezani kwao. Huwezi kumwambia Neema kwamba hali itapita wakati semina imefutwa kwa kukosa msimamizi na maabara ina darubini moja kwa watu kumi.

Chuo kilichoibeba kazi hiyo kwa ukamilifu kipo karibu na jiji la Baltimore: Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore. Mwaka 1988 Freeman Hrabowski, akichangiwa fedha na Robert na Jane Meyerhoff, alianzisha programu iliyobeba jina la wafadhili hao. Kundi la kwanza lilikuwa vijana weusi 19, wote wanaume. Baadaye milango ikafunguliwa kwa wanawake na kwa watu wa asili zote. Hakuna muujiza ndani yake. Wanafika majira ya joto kabla ya muhula kuanza, wanasoma na kuishi pamoja. Ada inalipwa. Kusoma kwa vikundi si ombi, ni utaratibu. Wanaingizwa kwenye maabara za utafiti mapema, wakiwa bado wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliokuwa mstari wa mbele katika kutengeneza chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna, alipitia humo na kuhitimu mwaka 2008.

Mtu atauliza: kwetu si tatizo ni pesa tu? Pesa ni sehemu kubwa, na sitaki mtu atumie makala haya kusema vinginevyo. Kijana ambaye bumu limechelewa wiki sita, anayekula mlo mmoja na kutembea kutoka hosteli ya Mabibo hadi chuoni Mlimani, hana nafasi ya kukaa kwenye kikundi cha saa mbili usiku. Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi kidato cha sita, ni msingi. Lakini ufadhili humlipia mtu kiti. Haumwambii kwamba kiti ni chake. Wapo waliolipiwa kila kitu ambao wanalia kimya kimya kuliko wengine, kwa sababu wao hawaruhusiwi na mtu yeyote kupata 11 kati ya 30.

Na si kwamba hatujawahi kujaribu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha kozi za awali kwa wasichana waliokosa sifa za kuingia sayansi na uhandisi kwa pointi chache. Walifundishwa kwa muda mfupi, wakapewa mtihani, waliofaulu wakadahiliwa. Zilifungua mlango kwa wanawake ambao bila hivyo wasingeingia. Jambo la kuangalia katika mipango ya namna hii ni siku baada ya mlango. Msichana aliyeingia kwa njia hiyo anaweza kusikia darasani kwamba "alipendelewa", na kama hakuna kikundi, mlezi wala kazi ya kuonyesha uwezo wake, neno hilo moja litakuwa linafanya kazi dhidi yake kila test inaporudi.

Kuna hofu moja ninayoisikia kwa wahadhiri ninaowaheshimu: kwamba tukianza mambo haya tutashusha viwango. Ushahidi unasema kinyume. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliounganisha tafiti 225 ulilinganisha madarasa ya sayansi ambayo mhadhiri anazungumza mwanzo hadi mwisho na yale ambayo wanafunzi wanasimamishwa kila baada ya muda wafanye swali, wajadiliane, wajibu. Katika aina ya kwanza walioanguka walikuwa wastani wa karibu asilimia 34. Katika ya pili, karibu asilimia 22. Anayesimamisha mhadhara dakika tano, akasema geukeni wawili wawili mfanye hili swali, kwa Kiswahili kama mnataka, halafu mtanijibu kwa Kiingereza, hajashusha kiwango chochote. Amewaonyesha watu mia tatu kwamba hata jirani zao hawajui, na kwamba mambo yanaanzia hapo.

Kwa mzazi, simu ya kwanza baada ya test ni nafasi ya pekee. Badala ya "umepata ngapi", muulize anasoma na nani. Akitaja majina mawili matatu, shusha pumzi. Akisema anasoma mwenyewe, usimsifu haraka kwa bidii. Muulize darasani anakaa karibu na nani, na kama anajua chumba cha msimamizi wa semina kilipo.

Na wewe uliyeko mwaka wa kwanza sasa hivi, karatasi ikiwa imeshakunjwa ipo kwenye begi, itoe leo. Tafuta wenzako watatu mliofanya test ile ile, si lazima wawe rafiki zako, wala si lazima wawe wamekushinda. Kila mmoja alirudie swali la kwanza peke yake kwa dakika 20, bila desa, kisha mkutane mlinganishe. Mlikokwama wote, liandikeni swali kwa Kiingereza kizuri kabla hamjaondoka mezani, mpeni mmoja wenu alisome, na mwende ofisini kwa mhadhiri wanne kwa pamoja. Mfanye hivyo wiki hii, kwa sababu test ya pili haiko mbali na mada zake zinaanzia pale ya kwanza ilipoishia.